Msimamizi Mkuu wa Vinywaji vya Moto

Mlango tuliouacha nusu wazi wiki jana sasa umefunguka wote. Mbele ya foleni ya watu thelathini, akiwa ameshika kipande cha gazeti kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika tiketi, amesimama Bi Inshirah, mama yake Tahani.

Na tangazo lililo kwenye kipande kile kaliandika Tahani. Kwa mkono wake mwenyewe, Jumatatu, huku anatafuna mbegu za maboga na kucheka peke yake.

"Habari za asubuhi, binti," Bi Inshirah akasema, kwa sauti ile anayoitumia benki. "Naulizia nafasi ya Msimamizi Mkuu wa Vinywaji vya Moto."

Alivaa koti lake la harusi za watu. Viatu alikuwa amevipaka rangi mpaka ungeweza kujitazama.

Tahani akamvuta pembeni, akamwuliza kwa kunong'ona anatafuta nini hapa, wakati saa hizi anatakiwa awe kwenye kiwanda cha mashati, kwenye mashine yake ya vifungo.

"Nimeacha," mama akasema.

"Umeacha nini?"

"Kazi. Nimemwambia msimamizi wa zamu maneno yangu yote ya miaka kumi na tisa, mpaka akatafuta kiti. Nimeona jina la ofisi yenu gazetini nikasema, basi, pale yupo mwanangu. Pale hawawezi kumdanganya mtu."

Tahani akautazama mlango wa bosi wake.

Kwa aliyechelewa hadithi yetu: Tahani ni mwandishi wa matangazo katika ofisi ya Ustaz Shawki, mtaa wa Manshiya, Aleksandria, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani. Ofisi hiyo huwatafutia watu kazi, na hutafutia makampuni watu. Kampuni hupiga simu kusema inataka nini, naye Tahani anakipamba.

Wakitaka mlinzi wa geti, anaandika Afisa Usalama. Wakitaka mtu wa kubeba maboksi, anaandika Mratibu wa Usafirishaji wa Ndani. Pakiwa na feni moja kwa watu arobaini, ni mazingira yenye hewa. Tajiri akiwa mkali asiyelala, anatafutwa kijana mchangamfu anayependa changamoto.

Ustaz Shawki hakuona dhambi hapo. Mji wenyewe ndivyo ulivyo. Fundi wa bomba anaitwa bashmuhandis, injinia mkuu kabisa, hata kama bomba bado linavuja. Mwenye miwani anaitwa daktari, mwenye tai anaitwa ustaz. Muuza samaki akitaka ununue, wewe ni pasha, bwana mkubwa. Cheo ni salamu, Shawki alizoea kusema, na hakuna mtu aliyefilisika kwa kusalimia.

Sasa kampuni ya meli ya Haji Lamlum ilipiga simu ikasema maneno matano tu: nataka mtu wa kuchemsha chai.

Tahani akaandika: Kampuni kubwa ya uwakala wa meli inatafuta Msimamizi Mkuu wa Vinywaji vya Moto. Ofisi yake mwenyewe. Inatazama bahari.

Mstari wa nne ukabaki mtupu nusu. Gazeti hutoza mstari mzima, uujaze usiujaze, na Ustaz Shawki hapendi kulipia karatasi nyeupe. Akamwambia aongeze chochote. Tahani akatafuna mbegu nyingine, akaongeza: na wasaidizi watatu.

Ndivyo wasaidizi watatu walivyozaliwa. Hawakuwa na baba wala mama, walikuja kujaza mstari.

Tahani aliingia kwa bosi wake mbiombio. Ustaz Shawki alikuwa dirishani anaitazama foleni, uso umemnawiri. Akasema angalia, thelathini, na saa tatu bado haijafika. Tungeandika mtu wa chai angekuja nani? Mzee mmoja mwenye kikohozi.

"Wa mbele ni mama yangu," Tahani akasema.

Shawki akafunga kifungo cha koti.

"Mbona hukusema mapema? Mama yako ni mama yangu. Aingie. Kazi ni yake."

Tahani alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

Akataka kuwahi nje amwambie mama ukweli kabla hajavuka kizingiti. Alipogeuka, Bi Inshirah ameshavuka, ameshakaa, ameshaweka mkoba magotini na tangazo juu ya meza ya Shawki, limenyooshwa kwa kiganja kama shati linalosubiri pasi.

Ustaz Shawki akaanza nyimbo zake. Kampuni yenye heshima, familia moja, mustakabali. Bi Inshirah akamwacha amalize. Kisha akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

Aliuliza ofisi yake iko ghorofa ya ngapi. Shawki akasema ni chini, karibu na watu. Aliuliza bahari inaonekana upande gani. Shawki akasema Aleksandria nzima ni bahari, Mama, mtu ukikohoa tu umeiona. Kidole kikasogea mstari wa nne.

"Na hawa watatu, majina yao?"

"Watapangwa," Shawki akasema.

"Vizuri. Basi niandikie hivi hivi kwenye mkataba. Neno kwa neno, usipunguze hata nukta."

Mtu mwingine angeshtuka. Shawki akatabasamu. Kwake yeye yale yalikuwa maneno, na maneno alikuwa nayo ghala zima. Haji Lamlum, kama wateja wake wengi, alikuwa amempa ruhusa ya maandishi amwajirie watu kwa niaba yake, maana hakupenda kusumbuliwa na makaratasi. Shawki akaandika, akaweka saini kwa mkia mrefu, akagonga muhuri mara mbili. Mara ya pili kwa madaha tu.

Akamtaka Tahani amsindikize mama yake kazini, ashuhudie siku ya heshima.

Wakashuka. Kwenye kituo cha tramu Tahani hakuweza tena. Akasema mama, subiri, kaa hapa, nina jambo. Akasema lile tangazo nimeliandika mimi. Hakuna ofisi. Hakuna wasaidizi. Ni kona ya chai chini ya ngazi, na jiko la gesi la moto mmoja.

Bi Inshirah akatazama tramu inayokuja.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Vinywaji vya moto ni nini, Tahani? Supu ya dengu? Na maneno ya namna hiyo ni ya nani, kama si yako? Darasa la tatu uliandika insha kwamba baba yako nahodha wa meli. Baba yako alikuwa anakwangua kutu. Mwalimu aliniita, nikamwambia ni nahodha wa kutu."

Tahani akauliza, kama alijua, basi kwa nini ameacha kazi ya miaka kumi na tisa.

Hapo ndipo mama naye alipotazama viatu vyake.

Hakuacha, akasema. Hakumwambia mtu maneno yoyote. Kiwanda kilifungwa wiki tatu zilizopita, wakakuta kufuli na karatasi getini. Kila asubuhi anabeba chakula chake kama kawaida, anapanda tramu mpaka mwisho wa njia, anakaa bustanini na wenzake wa vifungo, wanakula, wanarudi. Hakutaka Tahani ajue, kwa sababu Tahani angeahirisha harusi yake ili ahudumie nyumba.

"Kwa hiyo usiniangalie hivyo," akasema. "Mimi nawe sote ni waandishi."

"Ungeniambia ukweli."

"Na wewe ungewaambia wale thelathini. Nilisoma nikajua ni chai. Nikasema, chai naijua. Lakini kama mwanangu ameandika wasaidizi watatu, mwanangu atanipatia wasaidizi watatu. Panda, tramu inaondoka."

Haji Lamlum alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuita meli bila redio. Aliwapokea mlangoni, akausoma mkataba akiwa amesimama. Alipofika kwenye wasaidizi watatu akarudi juu kusoma jina la kampuni, ahakikishe ni yake.

Akamwuliza Bi Inshirah kwa upole wa kutisha wasaidizi watatu ni wa nini, maana ofisi nzima ina glasi kumi na mbili, na moja ina ufa.

"Mimi sijui, Haji. Ni wewe uliyesaini," Bi Inshirah akamjibu.

"Nimesaini mimi?"

"Kwa niaba."

Haji Lamlum akawa mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu. Hakumpigia Shawki. Alipiga moja kwa moja Idara ya Kazi, mtaa wa pili tu kutoka hapo, kwa mkaguzi aitwaye Bi Kauthari. Kila wakala wa ajira katika mji ule alilijua jina hilo na kulitaja kwa sauti ya chini. Shawki hasa alimkwepa miaka na miaka. Kila Bi Kauthari alipopanda ngazi zake, Shawki alikuwa amesafiri kwenda Kairo, na mlango umefungwa. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Haji akasema kwenye simu kwamba ana mkataba wa uongo mkononi, wenye mihuri miwili. Akajibiwa kwamba mkaguzi atafika baada ya sala ya adhuhuri. Tangazo likionekana la uongo, mkataba unachanwa papo hapo, na ofisi ya wakala inapigwa lakiri mlangoni, isifunguliwe tena.

Tahani aliposikia mkataba unachanwa, aliona bustani, na mama yake benchini na kopo la chakula.

Alipogeuka kumtafuta mama, hakumwona.

Bi Inshirah alikuwa chini ya ngazi. Amevua koti la harusi, amelitundika kwenye msumari, amekunja mikono. Birika lililokuwa jeusi lilikuwa tayari limesuguliwa nusu. Ami Basyuni, tarishi mzee aliyekuwa anachemsha chai kwa kushikizwa tangu mwenye kazi aondoke, alikuwa amesimama kando kama mfalme aliyepinduliwa na akashukuru.

Akapita meza kwa meza, akauliza kila mtu mara moja tu: chai au kahawa, isiyo na sukari, ya wastani au ya kuzidi. Hakuandika. Baada ya robo saa kila mtu alikuwa na chake mbele yake, na hakuna aliyerudisha.

Haji Lamlum aliletewa ya kwake akiwa bado anafoka. Akanywa ili apate nguvu ya kuendelea kufoka.



Akanywa tena. Akaitazama glasi kwenye mwanga. Wiki nzima alikuwa amekunywa ya Ami Basyuni, ambayo karani mmoja aliifananisha na maji ya kuloweka soksi.

"Tahani," akaita taratibu, "hebu piga Idara ya Kazi, waambie wasije."

Simu ililia, ikalia. Mwishowe mtu akapokea, akasema Bi Kauthari ameshatoka, anaswali njiani kisha anakuja.

"Nilikuwa sijaonja," Haji Lamlum akasema, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu.

Dakika kumi baadaye Ustaz Shawki aliingia anahema, tai imehamia begani. Tahani ndiye aliyempigia. Akasema tumekwisha, sote tumekwisha, atanipiga lakiri. Akamwomba Bi Inshirah, kwa jina la Mungu na la mama yake mzazi, amwambie mkaguzi kwamba alielewa vibaya.

Bi Inshirah alikuwa anakausha glasi.

"Mimi nimeelewa vizuri," akasema. "Mmeandika. Sasa kilichoandikwa kiwe."

Na kikaanza kuwa. Haji Lamlum akatoa pazia la chumba chake mwenyewe likatundikwa mbele ya kona ile, ikawa ofisi. Karani mwenye mwandiko mzuri akaandika cheo kwenye kadibodi. Ami Basyuni akagundua kwamba ukipanda juu ya sanduku la sukari na kuinamisha kichwa kushoto, kupitia kidirisha cha moshi, bahari inaonekana kati ya majengo mawili, upana wa leso.

Wasaidizi ndio waliobaki. Ami Basyuni akawa wa kwanza. Miguu ilikuwa imemchosha na safari za posta. Tahani akavaa aproni, wa pili. Makarani wa ofisi hawakufaa, kila mmoja ameandikishwa Idara ya Kazi kwa kazi yake, na Bi Kauthari huwajua kwa sura.

Bi Inshirah akamtazama Ustaz Shawki kuanzia viatu kwenda juu, pole pole, kama mtu anayechagua bamia.

"Mimi?" Shawki akauliza. "Mama, mimi ni Ustaz."

"Cheo ni salamu, mwanangu. Si ndivyo unavyowafundisha? Vua koti."

Hatua zikasikika ngazini. Aproni iliyobaki ilikuwa ya maua. Akaivaa.

Bi Kauthari alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, miwani imening'inia kwa mnyororo. Hakukubali kiti. Chai aliikubali, akainywa yote, na Haji Lamlum akaona hiyo ni ishara njema.

Kisha akatoa tangazo na mkataba, akaviweka sambamba, akaanza.

Ofisi yake mwenyewe. Akavuta pazia, akalirudisha, akaandika. Inatazama bahari. Akapanda juu ya sanduku la sukari kwa viatu vyake, akainama kushoto, akakaa huko muda mrefu mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Naona," akasema. "Kipande." Akashuka, akaandika.

Wasaidizi watatu. Ami Basyuni akasimama wima, akataja jina lake. Kazi yake? Msaidizi. Akaandikwa. Tahani, jina, msaidizi wa muda mpaka apatikane mwingine. Bi Kauthari akamtazama mara mbili kwa hilo la muda, akaandika.

Wa tatu alikuwa amempa mgongo, anaosha glasi yenye ufa kana kwamba ni mtoto mchanga.

"Na wewe, bwana. Kazi yako hapa ni nini?"

Neno moja tu lilitakiwa. Tahani alilisema moyoni kwa niaba yake. Ami Basyuni alilisema kwa midomo, bila sauti. Bi Inshirah aliacha kukausha.

Ustaz Shawki akageuka. Akajifuta mikono kwenye maua. Naye, ambaye miaka kumi na miwili hakuwahi kuiita kazi yoyote kwa jina lake, akatunisha kifua.

"Mkurugenzi wa Usafi wa Vyombo vya Kioo," akasema.

Kalamu ya Bi Kauthari ikasimama.

"Mkurugenzi," akarudia. "Hapa pameandikwa wasaidizi. Mkurugenzi si msaidizi. Kwa hiyo nahesabu wawili."

Shawki akafungua mdomo kurekebisha. Haji Lamlum akamkanyaga mguu, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Bi Kauthari akaukunja mkataba katikati. Akaushika kwa mikono miwili, kidole gumba huku na kidole gumba huku. Hakuuchana. Aliwatazama mmoja mmoja juu ya miwani yake.

"Tangazo hili kaliandika nani?"

Shawki akagundua kitu cha maana ndani ya glasi. Haji Lamlum akatazama dari. Ami Basyuni akatazama alikotazama Haji.

Bi Inshirah peke yake alimtazama Tahani. Hakutikisa kichwa kwa ndiyo wala kwa hapana. Alimtazama tu, kama alivyomtazama siku ya ile insha, akimsubiri.

Ukimya ungetosha, Tahani alilijua hilo. Ofisi ya Shawki ina waandishi wawili, na mwenzake yuko likizo mbali, lawama ingemwangukia yeye bila kujitetea.

"Mimi," Tahani akasema. "Hapakuwa na wasaidizi. Mstari ulibaki mtupu nikaujaza. Mama yangu hana kosa, yeye aliamini nilichoandika."

Bi Kauthari hakukasirika. Alifungua mkoba wake, akatoa bahasha nene ya kahawia iliyofungwa kwa mpira, akaimwaga juu ya meza ya karani. Vikamwagika vipande vya magazeti, hamsini, labda sitini, kila kimoja kimepigwa mstari mwekundu. Afisa Usalama. Mratibu wa Usafirishaji wa Ndani. Kijana mchangamfu.

Vyote vya Tahani.

"Miaka miwili namtafuta mwandishi huyu," Bi Kauthari akasema. "Nilidhani ni mwanaume."

Akavaa miwani vizuri. Akamwambia Tahani avue aproni, avae koti lake, watoke pamoja sasa hivi, na asiulize wanakwenda wapi mpaka wafike.

Mkataba wa mama yake akautia ndani ya mkoba ule ule, haujachanwa, haujaidhinishwa.